Mzigo wa Maneno na Asili Yake

Maneno ni mali, na mali huwekwa kwa namna mbili. Iko mali ambayo mwenyewe anajua ilikotoka, thamani yake na kazi yake. Na iko mali iliyorundikwa ghalani tu, ambayo mwenyewe huihesabu kila siku lakini hajui aifanyie nini. Wanafunzi wengi wa shule za sekondari za Meru na Embu wana mali ya namna hii ya pili. Utamkuta mwanafunzi ana daftari dogo, lenye jalada lililochakaa, ambamo ameandika maneno ya Kiingereza yasiyo ya kawaida: marefu, magumu kutamka, na adimu vinywani mwa watu. Huyakariri njiani, huyakariri usiku wakati wa masomo ya jioni, na siku ya mtihani huyamwaga katika insha kama mkulima amwagavyo mahindi juu ya turubali. Lakini mwulize neno moja kati ya hayo lilitoka wapi, na kwa nini amelichagua badala ya jingine, naye atanyamaza.

Tabia hii haikuzuka bure. Ina walimu wake na vitabu vyake, na katika vitabu hivyo kimoja kina jina kubwa kuliko vingine. Hicho ni First Aid in English, kilichotungwa na Angus Maciver wa Scotland na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938. Kwa maana, jina lake ni huduma ya kwanza ya Kiingereza. Kimerekebishwa na kuchapwa tena na tena, na kimesomwa katika nchi nyingi ambako Kiingereza ni lugha ya shule lakini si lugha ya nyumbani. Watu wengi wa Kenya waliosoma shule za msingi wamepitia kurasa zake, au kurasa za vitabu vingine vilivyoiga mtindo wake. Kwa sababu hiyo yafaa kitabu hiki kipimwe kwa haki: kipewe sifa zake, kisha kionyeshwe ila zake.

Sifa yake ya kwanza ni mpango. Mwanafunzi akitaka majina ya watoto wa wanyama, anayapata mahali pamoja. Akitaka majina ya makundi, makazi ya wanyama, milio yao, majina ya kike na ya kiume, mafumbo na methali, yote yamepangwa kwa safu, na baada ya safu yako mazoezi. Sifa ya pili ni uchache wa gharama. Shule isiyo na maktaba ilipata katika kitabu kimoja yale ambayo ingeyatafuta katika vitabu vingi. Sifa ya tatu ni kwamba hakimfichi mwanafunzi ukubwa wa lugha. Mtoto wa Runyenjes au wa Nkubu anayekisoma huona mara moja kwamba Kiingereza ni nyumba yenye vyumba vingi, na kwamba hajaingia hata nusu yake. Hizi si sifa ndogo, na mtu anayekidharau kitabu hiki bila kuzitaja ni mhakiki mbaya.

Sasa tutazame ila zake. Ila ya kwanza ni kwamba orodha zake hutoa neno na kuficha habari zake. Chukua orodha ya makundi ya wanyama. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kundi la simba huitwa 'pride', na kundi la mabata bukini huitwa 'gaggle'. Hufundishwa hivyo kana kwamba ni sheria ya maumbile, kama vile maji kuchemka yakipata moto. Haambiwi kwamba 'pride' ni neno lile lile lenye maana ya fahari au kiburi, wala haambiwi nani aliyelifunga kwa simba na kwa sababu gani.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1486 katika mji wa St Albans, Uingereza, kilichapwa kitabu kinachoitwa hadi leo Kitabu cha St Albans. Kilihusu ufugaji wa kipanga wa kuwindia, uwindaji wa wanyama, na nembo za koo za mabwana. Na sehemu ya uwindaji hunasibishwa na mwanamke aitwaye Juliana Berners. Ndani yake mna orodha ndefu ya majina ya makundi. Majina hayo hayakuwa ya mkulima wala ya mchungaji. Yalikuwa ya watu wa daraja la juu waliowinda kwa anasa, na kuyajua kulikuwa alama ya malezi ya kibwana. Tena mengine yalikuwa mzaha mtupu, kwa maana orodha ile haikuishia kwa wanyama. Iliwapa majina ya makundi hata watu, na watawa wa kike waliitwa kwa neno lenye maana ya wingi uliozidi haja. Simba wenyewe hawakuwako katika misitu ya Uingereza. Jina la kundi lao lilibuniwa na watu waliowajua zaidi kwa picha za nembo kuliko kwa ngurumo.

Mwanafunzi wa Meru hana haja ya picha za nembo. Mbuga ya Taifa ya Meru ina simba wake, na humo ndimo lilimo kaburi la Elsa, simba jike ambaye Joy Adamson alieleza maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1960. Mwanafunzi huyu akiambiwa habari ya mwaka 1486, neno 'pride' halimtishi tena. Analiona kama vazi la karamu la watu wa zamani. Analitumia akipenda, na asipolitumia haoni aibu. Asipoambiwa, hulichukua kuwa kipimo cha akili, na humcheka mwenzake asiyelijua. Hapo orodha ya mabwana wa kale wa Uingereza hufanya tena, katika darasa la Embu, kazi ile ile iliyofanya zamani: kutenga watu katika madaraja.

Mfano mwingine uko mezani. Mwanafunzi hujifunza kwamba ng'ombe ni 'cow' lakini nyama yake ni 'beef'. Kondoo ni 'sheep' lakini nyama yake ni 'mutton'. Nguruwe ni 'pig' lakini nyama yake ni 'pork'. Yeye aliyezoea kusema nyama ya ng'ombe na nyama ya kondoo huona huu ni ukaidi wa lugha ya kigeni, akakariri kwa kulalamika. Laiti angaliambiwa kwamba mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza na kuitawala, na kwamba kwa miaka mingi Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana na Kiingereza lugha ya wachungaji! Mnyama akiwa malishoni alikuwa na jina la Kiingereza, kwa sababu aliyemchunga alikuwa Mwingereza. Nyama yake ilipofika karamuni ilipata jina la Kifaransa, kwa sababu aliyeila alijua lugha hiyo. Kijana ambaye babu yake alichunga mifugo chini ya utawala wa wageni ataielewa habari hii upesi kuliko mtoto wa London. Atagundua pia jambo la maana zaidi, kwamba Kiingereza nacho kilikuwa zamani lugha ya watu wanyonge katika nchi yao wenyewe.

Ila ya pili ya kitabu ni kwamba kinashika maneno ambayo wenyewe wameanza kuyaweka chini. Katika majina ya kike na ya kiume, mwanamume asiyeoa ni 'bachelor' na mwanamke asiyeolewa ni 'spinster'. Neno hili la pili asili yake ni msokota uzi. Lilikuwa jina la kazi, kazi ya heshima iliyofanywa na wanawake wengi wa zamani. Baadaye sheria ikalitumia kumtaja mwanamke asiye na mume, na mwisho watu wakalitia dharau. Uingereza yenyewe iliacha kuyatumia maneno haya mawili katika vyeti vya ndoa mwaka 2005. Mwanafunzi anayeliweka 'spinster' katika barua ya kumwomba kazi mama mmoja mwenye ofisi mjini Embu, akidhani ameonyesha elimu, ameonyesha tu kwamba alijifunza neno bila kujifunza maisha yake.

Ila ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili, nayo ni kipimo cha thamani. Orodha humfundisha mwanafunzi kwamba neno adimu ni bora kwa kuwa ni adimu. Atajua kwamba tundu la kindi wa Ulaya huitwa 'drey' na kwamba mtoto wa bata maji huitwa 'cygnet', ingawa ndege huyo si wa porini mwa nchi hii. Lakini tufikiri juu ya mkulima wa kahawa katika miteremko ya mlima wetu, ambaye ameletewa karatasi za benki ili aweke hati ya shamba lake dhamana ya mkopo. Karatasi ni za Kiingereza. Anamwita mwanawe wa kidato cha tatu amsomee. Katikati ya ukurasa kuna neno 'mortgage'. Kijana anajua makazi ya kindi na mtoto wa bata maji. Neno hili hakulikuta katika orodha, au alilikuta akalikariri kwa tahajia yake tu. Anasema, 'Baba, ni mkopo tu.' Baba anatia sahihi.

Sasa mfikirie kijana aliyezoea kuuliza asili. Ataona kwamba neno hili lina vipande viwili vya Kifaransa cha kale: 'mort', yaani mauti, na 'gage', yaani rehani. Ni rehani iliyokufa. Wanasheria wa zamani wa Uingereza waliielezea hivi: mdaiwa asipolipa, mali aliyoiweka imekufa kwake, haitarudi, na akilipa, haki ya mkopeshaji juu ya mali ile ndiyo iliyokufa. Kijana huyu atamwambia mzee, 'Baba, ukishindwa kulipa, shamba limekufa kwetu.' Mzee anaweza bado kutia sahihi, lakini atatia akiwa anajua. Hii ndiyo tofauti ninayoitaka wasomaji waione. Neno moja lenye asili yake linaweza kulinda ekari mbili za ardhi. Maneno 100 yasiyo na asili hayawezi kulinda hata mche mmoja.

Yamkini msomaji atasema kwamba ninayapiga vita maneno magumu. Sivyo. Waingereza wenyewe waligombana juu ya jambo hili zamani. Katika karne ya 16 waandishi wao walikuwa wakichota maneno ya Kilatini na Kigiriki kwa wingi, na wapinzani wao wakayaita maneno ya pembe ya wino, kwa sababu wino wa siku zile uliwekwa katika pembe ya mnyama, na maneno hayo yalinukia meza ya mwandishi badala ya kinywa cha watu. Mwaka 1553 Thomas Wilson aliyafanyia dhihaka katika kitabu chake juu ya usemaji mwema, akitunga barua ya mtu anayejisifu kwa maneno ambayo hakuna amwelewaye. Mwaka 1604 mwalimu mmoja, Robert Cawdrey, akatoa kamusi ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno yapata 2,500, nayo ilikuwa hasa kamusi ya maneno magumu, iliyowakusudia watu ambao hawakupata elimu ya Kilatini.

Lakini historia hii ina funzo lenye pande mbili. Baadhi ya maneno yaliyochekwa na Wilson, kama 'celebrate', 'capacity' na 'dexterity', leo ni maneno ya kila siku ambayo hakuna anayeyacheka. Mengine yalikufa, nasi hatuyajui. Yaliyobaki hayakubaki kwa urefu wake, bali kwa sababu watu walipata kazi ya kuyapa. Basi ugumu wa neno si ila, wala si sifa. Swali ni moja tu: je, neno hili linafanya kazi ambayo neno jepesi haliwezi kuifanya? Likiwa linaifanya, litumike hata kama lina silabi saba. Likiwa haliifanyi, liachwe hata kama lilitoka kinywani mwa mfalme.

Sasa yatupasa kuonyesha faida ya kujifunza maneno kwa asili yake, maana kubomoa bila kujenga si uhakiki. Faida ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili atagundua kuwa si maskini kama alivyodhani. Katika hesabu tunasema sifuri. Waingereza husema 'zero', na wana neno jingine la kale, 'cipher'. Maneno yote matatu ni watoto wa neno moja la Kiarabu, sifr, lenye maana ya utupu. Tunasema hazina, Waingereza wana 'magazine', ambalo hutokana na neno la Kiarabu la ghala, nalo ni la shina moja na hazina yetu. Kumbe gazeti la namna hiyo ni ghala la habari, na chumba cha risasi katika bunduki ni ghala la risasi. Tunasema taarifa; wao wana 'tariff', orodha ya ushuru, iliyopita kwa Waitalia lakini ikitoka shina lile lile la Kiarabu la kujulisha. Mwanafunzi akiyaona haya, yale aliyoyaogopa kama wageni huwa ndugu zake wa mbali waliopitia njia nyingine.

Tena mfano ulio karibu zaidi uko mashambani mwetu. Meru na Embu ni nchi ya kahawa na chai. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kupanda kahawa, na katika miaka ya 1930 ruhusa ilipoanza kutolewa, Meru, Embu na Kisii zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuipata. Mmea una historia, na jina lake pia lina historia. Waarabu huita kinywaji hiki qahwa. Waswahili walilipokea neno pwani wakasema kahawa. Waturuki walisema kahve, Waholanzi koffie, na Waingereza 'coffee'. Chai nayo asili yake ni Uchina. Jina moja lilisafiri kwa nchi kavu kupitia Uajemi na Bara Hindi likatufikia sisi kama chai. Jina la watu wa pwani ya kusini ya Uchina lilichukuliwa na meli za Waholanzi likafika Uingereza kama 'tea'. Kwa hiyo mtu akiyataja majina haya mawili ametaja njia mbili za biashara ya dunia, moja ya ngamia na moja ya merikebu.

Faida ya pili iko katika masomo ya sayansi. Maneno mengi ya biolojia na jiografia hutisha kwa sababu yamefumwa kwa Kigiriki na Kilatini. Yakifumuliwa, hofu hutoka. 'Hippopotamus' ni farasi wa mto. 'Rhinoceros' ni mwenye pembe puani. 'Photosynthesis' ni kuunga pamoja kwa nuru. Mwanafunzi aliyeshika mizizi ishirini ya Kigiriki ameshika ufunguo wa mamia ya maneno. Na sisi walimu tusisahau neno letu wenyewe, 'pedagogue'. Huko Ugiriki ya kale aliyeitwa hivyo alikuwa mtumwa aliyemshika mtoto mkono na kumpeleka shuleni. Naona inafaa kila mwanachuo wa ualimu aikumbuke asili hiyo kabla hajajivuna mbele ya darasa.

Lakini hapa lazima nitoe onyo. Asili ya neno ni habari ya kweli, si hadithi ya kupendeza. Ziko asili za uongo zinazotembea shuleni kwa miguu mirefu. Wanafunzi wengi huambiwa kwamba neno 'news' limeundwa kwa herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya kaskazini, mashariki, magharibi na kusini, kwa kuwa habari hutoka pande zote nne. Ni hadithi tamu, nayo si kweli. Neno hili ni wingi wa 'new', yaani mambo mapya. Wengine husema kwa uhakika kwamba askari wa Roma walilipwa chumvi, ndiyo maana mshahara ni 'salary'. Ni kweli kwamba neno hili lina uhusiano na neno la Kilatini la chumvi, lakini kwamba askari walipewa chumvi mkononi kuwa mshahara ni jambo lisilo na ushahidi wa kutosha. Basi mwanafunzi asiamini asili kwa sababu inachekesha au inafundisha. Afungue kamusi. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, ilifanyiwa kazi kwa miaka mingi ili kila neno lipewe ushahidi wa maandishi. Na kwa Kiswahili, kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 huonyesha maneno mengi yaliyotoka Kiarabu na kwingineko. Vitabu hivi si vya kukariri. Ni vya kuulizwa.

Faida ya tatu ni kwamba mtu huona njia ya maneno haina upande mmoja. Hatukopi tu, tunakopesha pia. Safari ni neno lililotoka Kiarabu, likakaa katika Kiswahili, na katika karne ya 19 likaingia Kiingereza kwa kalamu za wasafiri. Huko limebana maana yake: kwa Mwingereza ni kwenda kuwinda au kutazama wanyama, ilhali kwetu mama anayetoka Maua kwenda kumwona binti yake Chuka naye yuko safarini. Mwaka 2022 kamusi ile ya Oxford iliongeza na kurekebisha maingizo karibu 200 ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, na nyama choma ni moja kati yake.

Katika kundi hilo limo pia neno ambalo vijana wetu wanalijua kwa nyayo zao, yaani 'tarmac' likitumiwa kama kitendo, kwa maana ya kuzunguka mjini ukitafuta kazi. Tazama njia lililopita. John Loudon McAdam, Mskoti aliyefariki mwaka 1836, alibuni namna ya kujenga barabara kwa mawe madogo yaliyoshindiliwa, na barabara hizo zikachukua jina lake. Baadaye mawe yaligandishwa kwa lami, na mwaka 1902 Edgar Purnell Hooley akapata haki ya uvumbuzi wa namna yake, iliyoitwa 'tarmac'. Neno likaja Kenya pamoja na barabara. Kisha vijana wenye vyeti na wasio na kazi wakatembea juu ya barabara hizo hadi viatu vikaisha, wakaligeuza jina la lami kuwa jina la shida yao. Hakuna bwana wa St Albans aliyewafundisha. Walihitaji neno, wakaliunda, na kamusi ya Waingereza ikaja kuliandika. Huo ndio utajiri wa kweli wa maneno.

Mwisho, asiyeijua asili ya maneno ya kwao hana haki ya kujisifu kwa asili ya maneno ya wengine. Jina la nchi yetu ni mfano. Mwezi wa Desemba mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliuona mlima kutoka Ukambani, akaliandika jina alilolisikia kwa Wakamba. Mwaka 1920 koloni likapewa jina la mlima. Lakini Waembu huuita Kirenyaa, Wakikuyu Kirinyaga, na Wameru Kirimaara, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa mlima wenye madoa. Mwanafunzi anayeamka kila asubuhi akiutazama mlima huo, na asiweze kueleza kwa nini majirani watatu wanauita kwa majina haya, ana kazi ya kufanya kabla hajatafuta jina la tundu la kindi. Aanze kwa bibi yake. Amwulize neno la Kitharaka, la Kiimenti, la Kimbeere au la Kiembu. Alilinganishe na Kiswahili. Aone jinsi muntu, mũndũ na mtu zilivyo neno moja. Akili inayojua kufanya hivyo kwa lugha ya mama itafanya hivyo kwa Kiingereza bila taabu.

Hukumu yangu juu ya kitabu cha Maciver basi ni hii. Kibaki rafuni, kisichomwe, lakini kisitawale. Kitumike kama orodha ya mtu aendaye sokoni, inayomkumbusha majina ya vitu lakini haimwambii kipi kibichi, kipi kimeoza, na kipi nyumbani hakihitajiki. Kwa kila neno jipya, mwanafunzi aandike katika daftari lake mambo matatu: limetoka wapi, nani walilitumia na kwa kazi gani, na yeye mwenyewe atalitumia kwa kazi gani. Asipoweza kulijibu swali la tatu, aliache neno hilo kwanza; litamngoja. Daftari litajaa polepole, na pengine maneno kumi yatachukua juma zima. Wala isihuzunishe. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nasi tunaweza kuongeza kwamba anayechukua maneno bila asili yake amejitia utumwani kwa mikono yake. Wanafunzi wa leo ndio watakaoandika mikataba ya vyama vya wakulima, barua za wagonjwa, hukumu za mahakama na masomo ya watoto wa kesho. Watu wa Meru na Embu hawatawauliza walijua maneno mangapi. Watawauliza maneno yale yalisema nini.